Lipa Mara Moja, Tumia Maisha

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejiteua Mkurugenzi wa Mauzo. Hakuna aliyepinga. Dada alikuwa na pini mdomoni, mpwa wangu alikuwa ameziba masikio kwa vile vidude vya muziki, na Shemeji alikuwa kazini. Kimya chao nimekihesabu kura tatu.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa: naishi kwa dada yangu, kwa muda. Muda wenyewe umeingia mwaka wa nne. Chumba changu ni kile cha nyuma chenye majora ya vitambaa. Mbele ndiko duka lake la kushona. Katikati, nyuma ya pazia, kuna meza ya binti yake, ambaye wote tunamwita Injinia. Kwenye meza hiyo ndipo ilipozaliwa programu.

Programu yenyewe ni hivi. Fundi anampima mteja, anaingiza vipimo kwenye simu, anaandika siku ya kuchukua nguo. Siku ikifika, simu ya mteja inalia: njoo, nguo yako iko tayari. Basi. Injinia aliiandika baada ya mama yake kushona suti ya bwana harusi kwa vipimo vya baba mkwe. Mafundi kadhaa wa mtaani wanaitumia na wanalipa kidogo kila mwezi. Kidogo kweli. Hakitoshi hata kulipia zile jumbe za simu.

Sasa shida. Kampuni kubwa ya mji mwingine imempa Injinia kazi. Mshahara, bima, kiti cha kuzunguka. Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Amesema programu ikionyesha kwamba inaweza kujilisha, ataikataa kazi. Ikishindwa, ataizima na kuondoka. Shemeji, baba yake, ambaye ni mhasibu wa ghala la saruji, anasema aende. Dada hasemi kitu, ila tangu habari ije mishono yake imeanza kupinda.

Ndiyo maana nimejiteua. Mimi niliwahi kuuza masweta mwezi wa joto, joto la kufanya mijusi wapokezane kivuli. Niliwahi kuuza kiatu cha kushoto, kimoja, na mnunuzi akarudi kuuliza kama ninacho kingine cha kushoto. Programu itanishinda?

Jumanne, 4 Machi

Kinyozi amenipa siri akiwa ananichonga ndevu. Anasema kuna soko kwenye mtandao, programu zinauzwa kule kwa mtindo wa lipa mara moja, tumia maisha. Kuna watu kazi yao ni kushinda kule wakinunua. Wananunua hata wasichokihitaji, wanaogopa tu ofa isiwapite. Niliondoka kwenye kiti na nusu ya kidevu bado ina ndevu.

Injinia alikuwa analijua soko hilo. Hilo halikunipendeza. Nikamweleza upya hata hivyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza taratibu, kama nesi: soko linachukua sehemu kubwa ya kila mauzo. Pesa zinazobaki linazikalia miezi miwili, mpaka muda wa wateja kurudisha uishe. Na mteja akishalipa halipi tena, lakini anatumia kila siku, na kila siku ina gharama yake. Nikamwambia katika yote hayo mimi nimesikia mauzo.

Jioni, tukila, Shemeji akauliza, mwezi unaofuata atalipa nani. Nikamwambia wateja wapya. Na mwezi wa baada ya hapo? Wapya zaidi. Akataka kujua dunia ina mafundi wangapi. Nikamwambia yeye ashike saruji, dunia aniachie mimi. Akaendelea kutafuna. Nimeuandika kuwa ushindi.

Injinia amekubali, kwa masharti. Nafasi za kuuza ziwe chache, apate cha kuanzia na watu wa kuijaribu. Kila mnunuzi awe na mafundi watatu tu. Jumbe za simu ziwe na kikomo kwa mwezi. Maelezo ya ukurasa ameyaandika mwenyewe. Kwa kuwa mchana ana vibarua vya watu, mimi nitauangalia ukurasa. Likija swali, nisalimie, niseme Injinia atajibu jioni. Nisalimie tu. Amelisema hilo mara mbili, kama vile mimi ni mtu wa kuambiwa mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Ukurasa utakuwa hewani kuanzia Jumatatu. Picha ni Dada kwenye cherehani anacheka. Hakuwa anacheka, alikuwa anakata uzi kwa meno, lakini inatosha.

Nimegusa maelezo kidogo. Yalikuwa hayana chumvi. Mafundi watatu, jumbe kadhaa. Nani anamkaribisha mgeni sebuleni huku anamwonyesha saa ya ukutani? Kulikuwa na visanduku viwili vya namba, vinaiambia programu ikomee wapi. Nimeviacha vitupu. Juu nimeandika: mafundi bila kikomo, jumbe bila kikomo, milele. Milele nimeikoleza wino.

Injinia alikuwa na kibarua. Sikutaka kumsumbua.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya siku. Asubuhi mnunuzi mmoja. Kabla chai haijapoa, watano. Mchana simu ya Injinia ilikuwa inalia kama kuku aliyetaga, ikabidi aizime sauti, na hata hivyo ilikuwa inatambaa mezani yenyewe. Dada alisimamisha cherehani akaja kusimama kwenye pazia, mikono kiunoni. Injinia alicheka kwa meno yote. Sijayaona yote tangu alipokuwa na umri wa kung'oka.

Ameandika barua ya kuikataa kazi. Hajaituma. Ameiacha kwenye kompyuta, imetulia, inasubiri.

Maswali yalikuwa mengi. Mengine yalikuwa ya haraka, na mteja wa haraka hasubiri jioni. Hapa niseme kitu kuhusu taaluma yangu. Sokoni nilikouza nguo tulikuwa na sheria moja: mteja haambiwi hakuna. Akitaka saizi yoyote, rangi yoyote, unamwambia ipo. Unamkalisha kwenye ndoo, unakimbia kibanda cha jirani, unarudi nayo. Mtu mmoja alitaka koti la mbwa. Lilipatikana, na mifuko juu.

Kwa hiyo. Mtu kauliza kama programu inafanya kazi bila mtandao. Nikaandika: ipo. Mwingine, kama inapima mapazia. Ipo. Mwingine, kama vipimo vinaweza kutajwa kwa mdomo bila kuandika. Ipo. Fundi wa matandiko ya farasi, kutoka nisikokujua, kauliza kama kuna sehemu ya kupimia farasi.

Ipo.

Watu wanne wakanunua kwa sababu ya farasi.

Jumatano, 12 Machi

Injinia amesoma ukurasa. Macho mekundu, kahawa ya baridi mkononi. Akauliza ni nani aliyezungumza na mtu wa farasi. Nikamweleza sheria ya sokoni, na ndoo, na kibanda cha jirani. Nilieleza vizuri, Dada mwenyewe alicheka pale kwenye koti la mbwa. Injinia hakucheka. Akasema:

"Huku hakuna kibanda cha jirani, Mjomba. Jirani ni mimi."

Ameanza kuandika sehemu ya kupimia farasi. Vibarua vyake amevisogeza mbele. Nimemletea picha ya farasi imsaidie. Dada anasema yule ni punda.

Halafu kumetokea adui. Ametoa maoni chini ya ukurasa, nyota mbili kati ya tano. Jina hana, nimempa la Nyota Mbili. Maneno yake nayanakili, wajukuu wamjue: "Programu ni safi, vipimo havipotei. Lakini hakuna sehemu ya mapazia, hakuna sehemu ya sauti, na anayejibu maswali hapa hajawahi kuifungua."

Mimi sijawahi kuifungua kweli. Amejuaje?

Nilimjibu hadharani, aya tatu. Nilimtajia miaka yangu sokoni. Nilimwuliza yeye ameuza nini. Akajibu mstari mmoja: "Nyota mbili ni za aliyeiandika. Wewe bado sijakupa."

Watu kumi na mmoja wamebonyeza kwamba jibu lake limewasaidia. Limewasaidia nini?

Jumamosi, 15 Machi

Siku mbaya. Naandika kifupi.

Asubuhi alikuja bibi harusi dukani, amefura. Gauni lake lilikuwa limening'inia tayari tangu juzi na hakupata ujumbe wowote. Dada akaapa programu imetuma. Wakaja wengine wawili. Fundi wa barabara ya pili naye akapiga simu, kwake vivyo hivyo. Injinia akafungua kompyuta. Salio la jumbe lilikuwa limekwisha. Lote, la mwezi mzima.

Kumbe mmoja wa wanunuzi wetu ni kiwanda cha sare za shule. Kimelipa mara moja, bei ya shati. Kikaingiza mafundi wake wote, na wanafunzi wa shule zote kinazozishonea, na kila mzazi anapelekewa ujumbe sketi ikikatwa, sketi ikishonwa, sketi ikitiwa vifungo. Milele.

Injinia akatafuta kile kikomo alichokiweka. Akavikuta visanduku vitupu. Akageuka akaniangalia. Mimi nilikuwa naangalia feni.

Ningependa angenifokea. Kufokewa nimekuzoea, nina mbinu zake. Lakini alisema kwa sauti ya chini kabisa:

"Mjomba, nilikuomba usalimie tu."

Kisha akalipia jumbe za mafundi wa mtaani kutoka kwenye akiba yake, wateja wao wasikose nguo. Shemeji aliona. Nilimsubiri aseme kitu kuhusu mwezi unaofuata. Hakusema. Alimsogezea binti yake sahani na kumwambia ale kwanza. Shemeji akijizuia hivyo, ujue hali ni mbaya.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamua kurekebisha mwenyewe. Aliyemwaga ndiye anayepiga deki, sisubiri kuambiwa.

Mpango: nimewaandikia wanunuzi wote barua moja, ya moyoni. Nimewaeleza kwamba neno milele ni neno zito, na kwamba mwenye kuipenda programu hatashindwa kuchangia kidogo kila mwezi, kwa hiari yake. Nimetaja macho ya mpwa wangu. Nimemtaja bibi harusi. Mwishoni nikaongeza kwamba hiari hiyo itaanza tarehe mosi.

Nilitegemea machozi. Zimekuja hasira. Wanasema wamelaghaiwa. Wanarudisha. Kila nikitazama namba imepungua, nikadhani ni macho, nikaazima miwani ya Dada, ikapungua zaidi. Wale wanne wa farasi wameondoka pamoja, kama msafara. Soko lenyewe limetuandikia onyo: tukirudia, tunafungiwa.

Injinia amebadilisha neno la siri la ukurasa. Dada hakunigombeza. Alimwaga mbele yangu kapu la mashati mabovu, akanipa kiwembe, akasema nitoe vifungo, kazi isiyotaka mdomo.

Jioni Injinia aliingia chumbani kwangu kutafuta sanduku lake la safari. Lilikuwa chini ya godoro langu, upande wa kichwa, ndilo mto wangu. Nikamwambia zipu imekufa. Akasema ataipeleka kwa fundi. Nikamwambia huyo fundi amehama.

Zipu ni nzima. Nimelala juu yake.

Jumatano, 19 Machi

Injinia ameandika kwenye ukurasa kwa jina lake. Ameorodhesha vilivyopo na visivyokuwepo. Amesema aliyeahidi visivyokuwepo ni mtu wa familia, mwenye nia njema, ambaye hatajibu tena. (Nia njema. Nimelikata neno hilo nikalibandika ukutani.) Amesema barua ya michango ipuuzwe. Waliobaki, alichowauzia ataendelea kuwapa, lakini jumbe za simu lazima ziwe na kikomo kuanzia sasa, na asiyeridhika arudishiwe pesa yake bila kuulizwa. Kisha akaifunga ofa.

Nilimwambia kwa upole kwamba huwezi kuuza kwa kutaja usichonacho. Akasema leo hauzi.

Kiwanda cha sare kimerudishiwa pesa, kikaondoka na malalamiko marefu. Wamebaki wachache. Nyota Mbili amebadilisha maoni yake, ametoa nne. Nilisubiri aniombe radhi. Bado nasubiri.

Injinia anasema pesa za waliobaki zitalipia gharama za miezi miwili, mitatu. Baada ya hapo hakuna. Barua ya kuikataa kazi ameifuta. Nimemwona akiifuta, nikajikata kwa kiwembe cha vifungo.

Jumanne, 25 Machi

Simu ya duka ililia mchana. Dada alikuwa anapima mtu kiuno, nikapokea mimi. Sauti ya mzee, kavu. Akamtaka aliyeandika programu ya vipimo. Nikamwambia Injinia yuko kwenye kikao. Alikuwa anaosha nywele. Akauliza:

"Wewe ndiye yule wa farasi?"

Nikamwambia mimi ni mgeni tu, nimekuja kuchukua suruali.

Alikuwa Nyota Mbili. Injinia alizungumza naye na taulo kichwani, amekaa juu ya jora la kitambaa, mimi nikawa nyuma ya pazia nikishughulikia vifungo. Mzee ni mwenyekiti wa ushirika wa mafundi cherehani, maduka mengi, mji na vitongoji vyake. Alinunua nafasi moja ili aijaribu programu kabla ya kuwapelekea wenzake. Programu ameipenda. Ofa hakuipenda. Anasema kitu cha kulipia mara moja hakiamini: "Nikikulipa leo yakaisha, kesho nikipata shida unaniona msumbufu. Nikikulipa kila mwezi, kila mwezi nina haki ya kukupigia simu." Anataka ushirika ulipe kila mwezi, kila duka, na jumbe walipe wenyewe.

Akaeleza kilichomfanya apige. Ni ule ukurasa wa vilivyopo na visivyokuwepo. Anasema tangu aanze kununua vitu hajawahi kumwona muuzaji akiandika visivyokuwepo.

Sharti lake ni moja, na anataka liwe kwenye mkataba: simu zake zisipokelewe na Mkurugenzi wa Mauzo.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Mzee alikasirika kwa sababu yangu. Asingekasirika, asingeandika. Asingeandika, Injinia asingejieleza. Asingejieleza, mzee asingepiga. Ukiufuata uzi mpaka mwanzo wake, unanikuta mimi nimekaa. Nimemwambia hivyo Shemeji. Akatafuna.

Ijumaa, 28 Machi

Mkataba umetiwa sahihi mbele, mezani pa kukatia, kati ya mkasi na chaki. Sharti langu limo, kifungu cha tatu. Ni mara yangu ya kwanza kuandikwa kwenye mkataba.

Injinia ameiandika upya ile barua kwa kampuni kubwa. Safari hii ameituma papo hapo, na Dada amesimama nyuma ya kiti chake, mkono begani. Kisha Dada akarudi kwenye cherehani akashona pindo la pazia zima bila kutazama, limenyooka kama reli.

Shemeji amerudi kazini amebeba kiti cha kuzunguka kichwani. Anasema ghalani walikuwa wanakitupa. Karatasi ya bei ilikuwa bado inaning'inia mguuni. Hakuna aliyeisema. Injinia alizunguka mara moja, akazunguka tena, akaendelea na kazi.

Usiku huu sanduku nimemrudishia. Akajaribu zipu. Ikafunguka. Alinirudishia sanduku, akasema nitaumwa shingo bila mto.

Jumatatu, 31 Machi

Nimestaafu mambo ya programu. Nimeyafikisha nilipoyafikisha, sasa wayaendeshe vijana.

Lakini akili haistaafu. Nimekaa na vifungo vyangu wiki hizi nikijiuliza kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Kosa ni mtandao. Kule hamwonani uso kwa uso, mteja hana ndoo ya kukalia, anarudisha kwa kubonyeza tu. Wazo lenyewe halikuwa na kasoro. Lilihitaji bidhaa ya kushikika, na muuzaji aliyepo.

Leo Dada amekwenda kununua nyuzi na bitana, upande wa pili wa mji. Injinia yuko kwa mzee na mafundi wake. Duka Dada kaniachia mimi, nipokee tu watakaokuja kuchukua. Nisalimie, nitoe nguo, basi. Amelisema mara mbili.

Nimechukua boksi la majora, nimelikata vizuri, nimeandika kwa chaki ya kushonea, herufi kubwa, nimelisimamisha mlangoni: LIPA MARA MOJA, SHONEWA MAISHA. Nguo bila kikomo.

Mambo yanakwenda kuliko nilivyotegemea. Wa kwanza kulipa alikuwa mama mwenye watoto saba, na wa nane yuko njiani. Akafuata jamaa mwenye tumbo linalobadilika kila msimu. Kisha bondia. Sasa foleni imefika kwa muuza simu, na mbele yangu amekaa kiongozi wa kwaya, ndoo nimempa. Anasema kwaya yake ni kubwa, waimbaji hamsini na kitu, wanapenda kubadilisha majoho kila sikukuu. Anauliza kama majoho ya kwaya yamo kwenye ofa.

Namwona Dada kwenye kona ya barabara, na mfuko wa nyuzi, anasoma boksi kwa mbali.

Nimemwambia yamo.